Butoyi hayumo kwenye skrini ya kijani

Ule mlio wa mashine ya kusoma kadi, "tii-tii", wenye maana kwamba mtu huyu hayupo, bado ninao masikioni.

Admin, nifichie jina. Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa, kwetu ni Kitanga, Kasulu, na nimepanga chumba Kibondo. Naandika programu kwenye shirika linalogawa chakula kwenye kambi ya wakimbizi. Kazi hiyo tunaifanya mimi na bosi wangu tu. Wenzangu wakiniona nakula peke yangu husema, "Mwacheni, huyo kaolewa na kompyuta."

Siku hiyo nilikwenda kukagua mashine kwenye dirisha la mgao. Akaja mama wa Kirundi na mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Bukuru, kama Warundi wanavyomwita pacha wa kwanza, akapita. Kwa Butoyi, yaani wa pili, mashine ikalia. Karani akamwambia akamwandikishe upya.

"Mwana wanje, mwanangu huyu, nimwandikishe mara ngapi?" Alikuwa ananitazama mimi, si karani. "Huyu hamumwoni? Si anapumua?"

Nilirudi ofisini nikaufuatilia ujumbe wa Butoyi hatua kwa hatua. Mfumo wetu, ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, hupokea taarifa za uandikishaji na kuzipeleka kwenye mfumo wa ghala. Ghala likikuta mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, watoto wawili, humkataa wa pili kwa kudhani ni yule yule karudiwa. Kukataa huko hurudi kwetu kama hitilafu, na hitilafu inatakiwa iwekwe pembeni mtu aione. Lakini bosi aliandika mstari wa programu unaodaka kila hitilafu, unaigonga alama ya "imeshughulikiwa", kisha ujumbe unatupwa. Skrini ya ofisini, ambayo hitilafu huigeuza nyekundu, inabaki kijani. Nilijaribu kwa mapacha wa kubuni. Wa pili akapotea vile vile, kimya.

Nikamwonyesha bosi.

"Binti, wageni wa makao makuu wanakuja. Unataka wakute wekundu?"

"Bosi, kuna watoto hawali."

"Waandikishwe upya. Usiguse kitu."

Hata wakiandikishwa upya, watatupwa tena. Anajua.

Mimi pia nilizaliwa pacha wa pili. Bukuru wangu alifariki kabla sijamjua, na nimekua kama mtu anayeitika jina ambalo hakuna aliyeliita. Ofisini ningemwambia nani kwa nini nalia mbele ya kompyuta?

Leo bosi amepiga simu mara nyingi, sijapokea. Akaandika: "Rudisha kabla wageni hawajafika." Ndugu zangu, msinishauri kama nirudishe. Nishaurini tu, mtu anaingiaje ofisini kesho akijua hakuna hata mmoja atakayemsogezea kiti?

Maana ule mstari nimeshaufuta, na taarifa zote za uandikishaji nimezipitisha upya. Skrini imekuwa nyekundu juu mpaka chini, kina Butoyi wote wamejipanga. Nimeshawatumia majina yao watu wa ghala, wawaingize kwa mkono. La kwanza ni la mtoto wa yule mama.