Simu Moja ya Kashojwa

Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba mfumo wa kunasa hitilafu tuuweke kwenye seva yetu wenyewe, pale ofisini Ruti, pembezoni mwa Mbarara. Tulikuwa tumetengeneza programu ya simu ya kuwekea zamu ya kliniki kwa kina mama wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, na kila ilipogoma, taarifa ingetumwa mahali. Kwa nini iende kwa kampuni ya ng'ambo? Nani alituuliza sisi wakimbizi? Nikausimika, nikafuta majina na namba. Mfumo ukabaki kuhesabu vifaa tu, si watu: simu moja, mtumiaji mmoja.

Hitilafu ya kwanza ilitoka Kashojwa, kijiji kimoja cha Nakivale. Programu ilijifunga kila mara mtu wa pili alipoandikishwa kwenye simu ileile. Skrini ilisema: imetokea mara nyingi, mtumiaji mmoja.

"Mimi naona mtu moja tu," alisema bosi wangu, Mnyankore. "Wacha hiyo, ssebo. Huyo anacheza na simu."

"Ni simu ya shangazi yangu. Majirani wote wanaitumia."

"Onyesha mimi hao majirani."

Majina yao nilikuwa nimeyafuta mwenyewe. Akaniambia nibonyeze "Puuza", kwani mwenye duka la maziwa mjini Mbarara alikuwa anasubiri tumtengenezee programu yake. Nikabonyeza. Nilitarajia kukasirika, lakini hasira haikuja.

Wiki iliyofuata alisimama nyuma ya kiti changu na chai yake. Hakukuwa na taarifa mpya kutoka Kashojwa.

"Umeona? Imepona yenyewe, banange. Wewe unapenda kulia sana."

Tangu lini hitilafu ikapona yenyewe? Nilitoka nje nikampigia shangazi.

"Iyo kintu tulishaiacha, mutoto wangu," alisema. "Mutu wa pili akiingia, inajifunga. Banamuke bamerudia kupanga mustari ku kliniki, banatokaka ingali giza. Uyu jirani wangu mwenye mimba, jana balimurudisha, ati batu beko mingi."

"Nitaitengeneza leo."

"Bosi yako amekubali?"

"Hapana."

Alicheka kidogo. "Sasa ukiimaliza, nibaambie barudie ku simu?"

Neno langu lilikuwa na thamani gani kwao?

"Usiwaambie bado, tantine. Jiandike wewe, halafu umwandike huyo jirani kwa simu hiyo hiyo. Akipata zamu, ndipo uwaambie."

"Na asipopata?"

"Atakwenda kupanga mstari."

Nilirudi kwenye kiti, nikaifungua upya ile hitilafu. Bosi alinitazama, hakunizuia, akaendelea kunywa chai.