Usafiri Wake Ulikuwa wa Bei ya Chini Mno, Nikamwita Mwizi

Nilimchafulia jina mwanamke ambaye hakuniibia hata konzi moja ya udongo. Nalisema hili mapema kwa sababu najijua: nikianza kueleza nitatafuta visingizio, na ninavyo vingi. Kosa ni langu. Si la barabara, si la simu, si la Kampala. Langu!

Mimi ni kijana wa Butembo, naishi mtaa wa Vulamba kwa mama yangu. Nilisoma agronomia nikamaliza. Kazi hakuna. Kutwa naandika barua za kuomba kazi, kisha nazisoma tena nikijiuliza ni neno gani litakalowafanya wanicheke. Mtu akinisalimia kwa furaha kupita kawaida, nafikiria anataka nini. Ndivyo nilivyo, na zamani nilidhani hiyo ndiyo akili.

Mama alikuwa na miche ya kahawa kwenye kitalu cha mchanga nyuma ya nyumba. Aliwaahidi wanawake wa Kalunguta, watu anaosali nao kila akienda kwa dada yake, kwamba mvua zikishika atawapelekea miche ya kupanda. Hawakuandikiana chochote. Mama alisema, wakaamini.

Kahawa ikiota inasimama kwanza kama askari, punje yake kichwani kama kofia. Baadaye punje inafunguka na majani mawili yanakunjuka kama kipepeo. Wakati huo ndio wa kuihamisha kwenye vifuko vyeusi vyenye udongo na mboji. Ukichelewa, mzizi unarefuka, na ukiuingiza kwenye kifuko unapinda. Mti wa mzizi uliopinda unadanganya: unaota vizuri, mtu anaupalilia, halafu unamfia mkononi. Nilijua haya yote. Nilifanya mtihani juu yake!

Dada ya mama aliugua, na mama akalazimika kwenda Kalunguta kumtunza. Akanisimamisha mbele ya kitalu.

"Weye njo uko na telephone, weye njo ulisoma. Tafuta vifuko na mboji ya muzuri. Lakini usikawiye, miche iko karibu kufunguka."

"Mama, hapana kuogopa," nikamjibu.

Nikaanza kulinganisha. Muuzaji wa hapa mjini alikuwa ghali, lakini unabeba mwenyewe. Muuzaji wa Kampala, kwenye Facebook, vifuko vyake vilikuwa karibu bure. Ukimuuliza usafiri, ndipo unaona meno yake. Hapo nikajiona mwerevu sana. Nikajiwekea sheria: bei ndogo inaficha mahali fulani bei kubwa, na kazi yangu ni kuitafuta.

Kisha nikamkuta Mama Zaina.

Ni mfanyabiashara wa Beni, mama Mwislamu, tuko naye kwenye kundi moja la WhatsApp la watu wa miche. Anauza vifuko na mboji ya maganda ya kakao. Bei yake ilikuwa ya katikati. Usafiri wake ulikuwa karibu si kitu. Beni mpaka Butembo, barabara hii yetu ya taabu mnayoijua, karibu si kitu! Nikamwandikia kumuuliza sababu. Akanijibu kwa sauti:

"Mutoto yangu, shemeji yangu anashushaka poireaux na mashu huku. Gari inarudiaka tupu. Sasa anilipishe mingi juu ya kubeba upepo?"

Ni jambo ambalo kila mtu wa Butembo analijua. Magari yanatoka huku kwenye baridi yamejaa mboga kama liki na kabichi, yanarudi turubai likiwa limekunjwa. Nimeyaona tangu nikiwa mtoto. Lakini siku hiyo nilisema moyoni: maelezo mepesi hivi, kwa nini alikuwa nayo tayari?

Nikatafuta. Kwenye kundi lingine nikaona picha ileile ya mboji, rundo lilelile na beseni la kijani pembeni, lakini jina la muuzaji ni lingine. Nimemkamata! Nikamtumia picha zote mbili.

"Ule ni mudogo wangu," akasema. "Tunauzisha pamoja. Unataka tupige mulima moja foto mara mbili?"

Nikamwomba picha ya gari, na ya leseni ya dereva. Akacheka mpaka akakohoa.

"Eh! Weye unanunua mboji ao unakuya kuposa binti yangu?"

Kicheko kile nilikisikiliza tena na tena. Nilikuwa napima: je, mtu mwaminifu anacheka hivi?

Kabla sijaamua, akatuma sauti nyingine. "Nimeisha pakia. Utaona kwanza, utalipa nyuma."

Mama yangu amefanya biashara namna hiyo maisha yake yote. Kati ya Beni na Butembo mzigo unatangulia, pesa inafuata. Ndiyo njia ya watu wetu. Lakini mimi nilikuwa nimeangalia video nyingi mno za matapeli. Nani anampa mtu asiyemjua mzigo bila hata faranga moja? Kuna nini ndani ya magunia hayo? Na siku hizi, askari akikukuta na gunia lisilo lako, utaeleza nini? Basi nikapanga mpango wangu wa kijinga.

Dereva, yule shemeji yake, aliponipigia kwamba amefika, amesimama upande wa Rughenda, nilienda. Lakini sikumkaribia. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha kuuza mikate, nikamchunguza. Mtu mzima, koti limechakaa, anatafuna hindi la kuchoma. Magunia yalikuwa chini, yamepangwa vizuri, na vifuko vimefungwa kwa kamba. Alipiga simu. Yangu ilitetemeka mfukoni. Akapiga tena. Mara ya tatu nikapokea kwa sauti ya chini.

"Uko wapi, papa? Miye niko hapa naangalia kila mutu kama mujinga."

"Sikuagiza kitu."

"Hukuagiza? Jina yako iko juu ya gunia!"

"Si mimi."

Nilimwona akiishusha simu na kuitazama, kama vile ndiyo iliyomtukana. Akazungumza na mwenye kitalu mmoja aliyekuwa anapita na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wakafungua gunia, wakanusa mboji, wakapatana bei, wakacheka. Muda si mrefu mzigo wa mama yangu ukateremka mlima kwenye chukudu ya mtu mwingine.

Mngedhani nilitosheka. Wapi! Nilirudi nyumbani, nikaandika kwenye kundi: "Tahadhari na huyu mwanamke wa Beni, usafiri wake ni mtego." Nikaweka na sauti yake chini, ile aliyocheka. Watu wakanishukuru! Wakanisifu kwa kuwafungua macho. Wawili waliokuwa wameagiza kwake wakasema wanaacha. Nilijisikia mtu wa maana, kwa mara ya kwanza tangu nimalize masomo.

Mama Zaina hakunitukana. Aliniandikia peke yangu: "Mutoto yangu, nilikuibia nini?" Nilikaa na swali hilo nikitunga majibu. Nikikiri, nitaonekana mwongo. Nikikataa, atatoa ushahidi. Mwishowe nikatoka kwenye kundi.

Nikanunua Kampala. Muuzaji alikuwa amebadilisha tangazo, sasa usafiri ni bure kabisa, na hapo, eti, sikushtuka! Mzigo ukakwama mpakani. Kukawa na wakala, kisha wakala wa wakala. Ulipofika, vifuko vilikuwa vidogo, vya kupandia maua ya dirishani, na mboji haikuwemo.

Mama alirudi kabla sijajua nitasema nini. Hakuingia hata nyumbani. Alipita moja kwa moja kwenye kitalu. Hatua ya kipepeo ilikuwa imekwisha kupita. Miche ilikuwa mirefu, imekonda, ya njano. Akang'oa mmoja taratibu. Mzizi ulitoka mrefu kama uzi.

"Mboji iko wapi?"

Nikatoa simu. Nikaanza kumwonyesha bei ya huyu, usafiri wa yule, picha mbili zenye beseni moja.

"Minakuuliza mboji."

Nikairudisha simu mfukoni. Alijaribu michache kwenye vifuko vikubwa alivyoazima kwa jirani. Aliitoa, akaiangalia mizizi ilivyojikunja kama ndoana, akatikisa kichwa. "Siwezi kupatia batu miti ya kufa." Akaing'oa yote. Nilitaka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko.

Nilimpigia Mama Zaina nikaungama. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini shemeji hanibebeye tena. Anaogopa Butembo bataita gari yake gari ya wezi. Sasa transport yangu iko bei kubwa kama ya kila mutu. Ulifurahi?"

Niliomba kurudishwa kwenye kundi, nikaandika ukweli. Onyo langu la uongo lilikuwa limesambaa kila mahali. Ukweli wangu waliusoma wachache, na mmoja akauliza kama nimelipwa ili niuandike!

Nilidhani hapo adhabu imekwisha. Mama akasema: "Kalunguta utaenda weye. Utabaambia na kinywa yako."

Nikaenda. Wanawake walikuja wakiwa wamevaa vizuri, wengine na vikapu vya kubebea miche. Njiani nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya mpaka na mawakala. Nilipowaona nikasema tu: mboji ilifika, mimi nikaikataa kwa kuogopa kuibiwa, na miche imekufa.

Mama Kahindo, aliyekuwa mbele, hakukasirika. Afadhali angenipiga.

"Sasa mashimo?" akaniuliza. "Tulisha kuchimba."

Nyinyi mnaonunua kwenye simu, linganisheni bei, ulizeni usafiri, haki yenu. Lakini mtu akikujibu, msikilize kwanza kabla hujamhukumu. Na usimwite mtu mwizi mbele ya watu kwa sababu tu amekufanyia wepesi! Mimi nimeyaona yale mashimo. Yamepangwa mstari kwa mstari mpaka chini bondeni, na mvua imeanza kuyajaza.