Shikamoo ya Chini ya Maji

Mgeni wa Ridhiwani wiki ile alikuwa karani mstaafu kutoka Lindi, aliyekuja kisiwani Songosongo kujifunza kuzamia. Hakumpita mtu bila kumsalimia. Kwanza alivua kofia, akafuta midomo kwa kiganja, kisha kwa sauti yake nyembamba akauliza habari za nyumbani, za watoto, mpaka za mbuzi. Boti ilichelewa kila siku, na Ridhiwani, mwalimu wake, akawa anameza hasira.

Siku waliyoshuka chini kabisa walimkuta samaki chewa, mkubwa kama ndama, ametulia mlangoni mwa pango lake. Mgeni akasimama. Mkono ukatafuta kofia kichwani, ukaikosa, kiganja kikaenda mdomoni, kikachomoa kipumulio, na mapovu yakatoka: "Shikamoo!"

Ridhiwani alimrukia, akamrudishia kipumulio, akampandisha juu taratibu.

"Mzee wangu, ungekufa!"

"Sasa mwanangu, mtu mzima yuko barazani kwake, nimpite kimya kama mwizi?"

Ridhiwani alifungua kinywa amgombeze, akajikuta anauliza, "Kwani aliitikia?"

"Alishaanza kufungua mdomo," mgeni alisema kwa uchungu, akikohoa maji ya chumvi. "Ndipo wewe ukanivuta."