Mahali Barabara ya 158 Inapoishia

Delmar Voss aliijua Barabara ya 158 kuliko alivyowajua shemeji zake, na aliipenda zaidi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliisafisha theluji kwa lori la jimbo la Nebraska. Ukimmiminia kahawa tu, utakoma kwa historia yake: barabara ilianza kama njia ya mikokoteni isiyo na namba, ikapewa 19, ikapindishwa ipite kijiji cha Prosek kwa sababu mwenye ghala la mahindi pale alikuwa na ulimi mtamu, ikageuzwa 158, ikafika hadi mtoni. Kisha mafuriko yakabeba daraja. Wakubwa wakaona barabara isiyovuka mto haina haki ya namba. Wakaikata maili nne kabla ya mto, wakasimika kibao cha mwisho, na kipande kilichobaki wakaitupia wilaya, yenye greda moja tena bovu.

Sheria ilikuwa fupi: ukifika kwenye kibao, inua bamba la kusukuma theluji, geuza lori. Delmar alikuwa "akisahau" kuinua kwa majira kumi na moja ya baridi. Kule mwisho aliishi Bibi Ludmila Hruska, mjane mwenye figo zilizochoka. Gari la kliniki lilimfuata mara tatu kwa wiki.

Alhamisi moja asubuhi, miezi miwili kabla Delmar hajastaafu, msimamizi mpya, Renae Tietjen, alipanda naye akiwa na fomu ya ukaguzi mapajani. Delmar akaiwazia pensheni yake. Walipofika kwenye kibao aliinua bamba, akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Mbona kimya, mzee?" Renae akauliza.

"Leo Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

"Kuna bibi huko mbele anakwenda kusafishwa damu. Gari la kliniki halina mabawa."

"Namba si inaishia hapa?"

"Namba, ndiyo. Theluji haikusoma kibao."

Renae akashika kalamu. "Ukishusha hilo bamba, naandika. Na pensheni yako unajua watakavyoichezea."

"Andika basi, mama. Maili nne za kwenda, nne za kurudi. Usinipunje."

Akalishusha.

Bibi Hruska alikuwa amesimama langoni, mkoba begani, kando ya sanduku la barua lililokuwa bado limeandikwa 158. Macho yake hayakuwa yakisoma vibao tena, na Delmar hakuwahi kupata moyo wa kumwambia kwamba namba ilikwishakatwa. Aligonga mlango wa lori kwa mkongojo.

"Umechelewa dakika kumi, Delmar! Mlikuwa mmelala? Marehemu mume wangu alitoa shamba bure ili 158 ipite hapa, halafu jimbo linaniletea uvivu?"

Delmar akatazama usukani.

Renae alishusha kioo, fomu ikiwa bado mkononi, haijaandikwa kitu.

"Tusamehe, bibi," alisema. "Jumamosi 158 itakuwa safi kabla hujavaa koti."