Akina Chacha Mwita na Zizi Moja

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanafukua zizi la Dakta Chacha Mwita kule Kemambo, na chanzo ni mimi, mkutubi wa chuo chake.

Mzee huyo mpole ni mtafiti wa ng'ombe. Niliiunganisha maktaba yetu ya mtandaoni na kanzidata ya nje ili ivute yenyewe machapisho ya watafiti. Nikaingiza jina tu, kana kwamba Ukuryani kuna Chacha Mwita mmoja! Akajaziwa makala za utafiti wa dhahabu za Chacha Mwita mwingine. Wachimbaji wakaziona, wakaamini mtaalamu kama huyo hajengi zizi popote tu.

Nilimkuta akiswaga ng'ombe wasitumbukie mashimoni.

"Shikamoo mzee. Kosa ni langu, ila makala zote za dhahabu nimeshazifuta."

Akashika kichwa. "Rhobi, mama! Umefuta? Sasa si watasema naficha?"

Nyuma yake wachimbaji wawili walitazamana, wakainua tena sururu.