Walipouita Ukoo Wetu

Asubuhi ile mimi na dada yangu Mapendo tulikuwa uani tukipukuchua maharage na kugombania kitenge. Kilikuwa chake, lakini nilikuwa nimekivaa mimi, na nilikataa kukivua. Saa sita zikasikika risasi. Tukakimbilia ghala la parokia pamoja na majirani.

Tulikaa humo siku mbili, magoti kifuani, tukimeza vumbi la maharage. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

Siku ya tatu wenye bunduki walisimama mlangoni, wakaanza kuita koo, ukoo mmoja mmoja. Waliotoka hatukuwasikia tena.

Wakauita wetu.

"Tunajua muko humo. Mukikawia, tunachoma."

Mapendo alinitazama, akasimama.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Nikanyamaza.

Sasa ninaishi Woodbridge, Virginia, huku Marekani, ninamtunza mzee mwenye asili ya Uskoti. Uskoti kwenyewe hajawahi kukanyaga, ila ukoo wake anaujua kuliko majina ya wajukuu. Mababu zake walishindwa vita, wakakatazwa hata kuvaa nguo yao ya mirabaraba. Yeye huivaa kwa madaha kama bwana harusi. Nakiri, namwonea wivu.

Alipotaka nimpeleke kwenye sherehe ya Waskoti, nilisita. Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi, alinicheka.

"Enda tu. Ni watu wanajivunia kabila yao na hakuna mtu anakimbia."

Hakuniambia kwamba wangeitana. Koo zilitajwa kwenye kipaza sauti, ukoo mmoja mmoja, na kila ukoo ukatoa mtu wa kuitikia. Nikageuza kiti cha magurudumu cha mzee nitafute njia. Nyuma yetu kulikuwa na wapiga zumari, mbele kamba, kushoto na kulia magoti ya watu. Sikuwa na pa kutokea.

Wakauita ukoo wa mzee.

Kiharusi kilishamnyang'anya sauti. Aliandika kwenye kibao chake cha kuandikia: "Nisemee."

Wakauita tena. Mzee alikuwa analia.

"Tupo," nilisema, kisha nikapaza sauti. "Tupo hapa."

Watu wakapiga makofi. Mzee akanibusu mkono, akacheka kwa machozi. Mimi nilishangaa tu jinsi neno lenyewe lilivyo fupi. Lilinishinda siku ile, na Mapendo akatoka peke yake, kitenge chake kikiwa kiunoni mwangu.