Jiwe la Bibi

Kabla sijaliona lori, niliusikia mlango wake. Ulitoa mkwaruzo mfupi wa bati, kisha kishindo, kama mzee anayekohoa kabla ya kukata shauri. Hata leo, mlango wa lori ukibamizwa mtaani kwetu, pua yangu hujaa harufu ya mbao mpya, mafuta ya taa na usipa, dagaa wakavu wa ziwani.

Baba alikuwa dereva wa malori ya kahawa Mbinga. Alipochoka kuendesha ya wengine, alinunua lake kuukuu, akalijengea mgongoni chumba cha mbao na bati: kitanda, jiko, tangi la maji, kidirisha chenye pazia la kitenge. Majirani zetu wa Mpepai walicheka mpaka wakakaa chini. "Mwenzetu amekuwa konokono!" Baba hakujali. Alijua anamjengea nani.

Bibi, mama yake, alikuwa na mdogo wake aliyeolewa Mbaha, kando ya ziwa. Nyonga mbovu ilimkataza Bibi kukaa kwenye basi, na tumbo lake nalo lilichukia kona. Miaka ilipita ndugu hao wakitumiana salamu na maharage tu. Bibi alikubali kupanda nyumba ya Baba kwa sharti moja: "Nikitapika mara moja, mnanirudisha." Mimi, mjukuu wake wa kike, nikakabidhiwa ndimu na kazi ya kumlinda.

Baba alinifundisha sheria za safari, nami nikazikariri kama katekisimu. Kizito kikae chini, tena katikati ya magurudumu, chepesi juu. Kila chenye mlango kifungwe. Mlima unaoupanda kwa gia ya pili, uushuke kwa gia ya pili. Mlango wa nyuma ulikuwa na sheria yake peke yake: uuinue kidogo, uusukume kwa nyonga, ndipo uubamize.

Lakini kwetu Umatengoni gari halishuki ziwani tupu. Kila mwenye ndugu kule alikuja na mzigo: magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu. Baba angewezaje kuwaambia kwamba hii ni nyumba? Wa mwisho kupakia alikuwa Bibi: jembe lake, debe la mbegu za maharage, na jiwe lake la kusagia, ambalo wanaume wawili walilisukumiza mkiani mwa lori.

"Mama, na hili jiwe linakwenda kusalimia?"

"Linamjua mdogo wangu kuliko unavyomjua wewe. Washa gari."

Mteremkoni vikombe vilianza kuimba. Kuku mmoja alifunguka kamba, akatua kifuani kwa Bibi, akakataa kushuka. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Baba alisimamisha lori pembeni, akaweka mawe kwenye magurudumu. Breki zilikuwa zimechemka. Nilipokimbilia ndoo, alinishika mkono. "Chuma cha moto hakimwagiwi maji, mama. Kinasubiriwa."

Jirani na pale palikuwa na nyumba ya rafiki yake. Tukashusha magunia yote, Baba aje kuyachukua safari nyingine. "Na jiwe," akasema.

Bibi akaliketia. "Likibaki, na mimi nabaki."

Baba alimtazama, kisha akalitazama jembe na debe la mbegu. Hakucheka. Akamwita rafiki yake, wakalihamishia jiwe sakafuni, katikati ya magurudumu, na lori likatulia. "Mke mwenzangu," Bibi alininong'oneza huku akinusa ndimu, "mume wetu, babu yako, angekuwa hai, angetapika yeye."

Ziwa lilipojitokeza chini yetu, pana na la buluu, Bibi alikuwa bado hajatapika. Mdogo wake alitupokea uani.

"Dada, umezeeka!"

"Na wewe umefupika!"

Wakashikana, wakacheka mpaka wakalia.

Tulikaa siku kadhaa. Baba aliegesha lori akipima usawa kwa bakuli la maji mezani, maji yakikaa sawa ndipo tulale. Asubuhi ya kurudi, juu ya paa la lori kulikuwa na usipa wa kuwapelekea majirani. Bibi aliingia chumbani mwa lori, nikadhani anakuja kujilaza kwa safari. Akakunjua pazia, akalainisha blanketi, akanipa ndimu yangu. "Mke mwenzangu, mtunze baba yako."

Nilidhani anaongeza wiki moja. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mgeni anayetembea na jembe, mbegu na jiwe la kusagia. Baba, mtu wa kupima mizigo, alikuwa amejua tangu pale mteremkoni. Alikuwa ameijenga ile nyumba ili mama yake aweze kwenda na kurudi, na akakubali kumpeleka bila kumrudisha.

Bibi alishuka ngazi polepole. Nje, jiwe lake lilishakaa kando ya mafiga ya mdogo wake. Akauinua mlango kidogo, akausukuma kwa nyonga yake ile nzima, akaubamiza.